Enoch Sontonga: Mke na jamaa wa mtunzi aliyeipa Afrika wimbo

Wimbo uliotungwa na mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg mwaka 1897 umo leo katika nyimbo za taifa za nchi tatu za Afrika. Mtunzi wake, Enoch Mankayi Sontonga, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 32. Familia aliyoiacha haikubaki na hakimiliki ya wimbo huo, wala daftari la nyimbo zake, wala jiwe la jina juu ya kaburi lake.

Afrika Kusini, Tanzania na Zambia zote hutumia mahadhi ya "Nkosi Sikelel' iAfrika" katika nyimbo zao za taifa. Maneno hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini tuni ni ile ile.

Katika kitongoji cha Malvern, mashariki mwa Johannesburg, wenyeji wa Afrika Kusini huishi jirani na wahamiaji waliotoka sehemu nyingi za bara hili. Mtanzania au Mzambia anayepita mtaani humo wakati watoto wa shule wanaimba wimbo wa taifa hana haja ya kuuliza ni wimbo gani. Aliufundishwa kwao, kwa lugha nyingine, akiwa na umri kama wao.

Kaburi la mtu aliyeutunga liko katika jiji hilo hilo, upande wa pili wa katikati ya mji, katika makaburi ya Braamfontein. Kwa miongo mingi hapakuwa na aliyeweza kulionyesha.

Kutoka Uitenhage hadi Nancefield

Enoch Sontonga alizaliwa Uitenhage, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Eastern Cape, mnamo mwaka 1873 hivi. Mji huo ulibadilishwa jina mwaka 2021 na sasa unaitwa Kariega. Alikuwa Mxhosa wa ukoo wa Mpinga.

Alipata mafunzo ya ualimu katika chuo cha Lovedale, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiskoti. Chuo hicho kilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya elimu ya Waafrika kusini mwa bara, na muziki wa kwaya ulikuwa na nafasi kubwa katika maisha ya hapo.

Vijana waliosoma katika shule za misheni hawakufundishwa sana noti za mistari mitano zinazotumiwa na wapiga piano. Walifundishwa solfa, mfumo wa kuandika muziki kwa herufi za do, re, mi, uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Mfumo huo hauhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Kalamu na daftari la kawaida vinatosha.

Kwa hiyo mwalimu mwenye sikio zuri aliweza kuandika wimbo wa sauti nne usiku na kuufundisha kwaya yake kesho yake. Huko Lovedale, mtunzi John Knox Bokwe, aliyezaliwa mwaka 1855 na kufariki mwaka 1922, alikwisha kuchapisha nyimbo kwa mfumo huo kabla Sontonga hajaanza kutunga.

Baada ya masomo, Sontonga alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kanisa la Methodisti huko Nancefield, kusini-magharibi mwa Johannesburg. Eneo hilo baadaye likawa sehemu ya Soweto. Alifundisha hapo kwa karibu miaka 8, hadi kifo chake.

Johannesburg ilikuwa mji mchanga. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1886, na katika muda mfupi maelfu ya wanaume kutoka kila pembe ya kusini mwa Afrika walikuwa wamemiminika migodini. Vita kati ya Waingereza na Makaburu vilipiganwa kuanzia mwaka 1899 hadi 1902. Mwafrika aliishi chini ya sheria za pasi, mbali na jamaa zake, kwa ujira mdogo.

Hayo ndiyo mazingira ambamo mwalimu huyo kijana alianzisha familia.

Nyumba ya Enoch na Diana

Sontonga alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji aliyejulikana sana wa Kanisa la African Methodist Episcopal, maarufu kwa kifupi AME. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kiume.

Ndoa hiyo iliunganisha njia mbili za Ukristo wa Waafrika wa zama hizo. Sontonga aliajiriwa na shule ya kanisa lililoongozwa na wamisionari weupe. Baba mkwe wake alihudumu katika kanisa lililoongozwa na watu weusi wenyewe.

Historia ya AME nchini humo ilianza na mchungaji Mangena Mokone, aliyejitenga na Wamethodisti mwaka 1892 na kuanzisha Kanisa la Kiethiopia mjini Pretoria, kwa sababu ya ubaguzi aliouona ndani ya kanisa lake. Mwanafunzi Charlotte Manye, ambaye baadaye alijulikana kama Charlotte Maxeke, alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Wilberforce huko Ohio, Marekani. Barua aliyomwandikia dada yake nyumbani ndiyo iliyomfahamisha Mokone kuhusu kanisa la Wamarekani weusi. Mwaka 1896 makanisa hayo mawili yaliungana.

Bi Diana, kwa hiyo, alitoka katika nyumba ambamo swali la Mwafrika kujisimamia mwenyewe lilikuwa jambo la kila siku. Aliolewa na mtu ambaye wimbo wake ungekuja kuwa sala ya swali hilo hilo.

Mumewe hakuwa mtunzi tu. Alikuwa mshairi, mwalimu wa kwaya, na mpiga picha wa ridhaa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwalimu Mwafrika wakati huo. Kwaya yake ilisafiri na kuimba sehemu mbalimbali za Johannesburg na hadi Natal.

Wimbo wa darasani

Mwaka 1897 Sontonga alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha "Nkosi Sikelel' iAfrika", maneno yenye maana ya kumwomba Mungu aibariki Afrika. Alitunga maneno na muziki, akikusudia uwe wimbo wa kanisani na wa shule yake.

Baadhi ya wanazuoni wa muziki wanaona kwamba mahadhi yake yana mfanano na tuni ya "Aberystwyth" ya Joseph Parry wa Wales, iliyokuwa ikiimbwa sana na Wamethodisti. Hilo halishangazi kwa mtu aliyelelewa na vitabu vya nyimbo vya misheni. Hata hivyo, maombi hayo hayakuombea kanisa moja wala kabila moja. Yaliombea bara zima, wakati ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuligawana.

Wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumwekea mikono Mchungaji Mboweni, Mtsonga wa kwanza kuwa mchungaji wa Kanisa la Methodisti.

Nyimbo nyingi za Sontonga zilikuwa za huzuni. Ziligusa mateso ambayo mtunzi aliyaona yakiwapata Waafrika wa Johannesburg. Pamoja na huzuni hiyo, zilipendwa mno, na walimu wa kwaya nyingine walizitafuta.

Bi Diana na daftari la nyimbo

Sontonga aliandika nyimbo zake katika daftari la kawaida la shule. Hakuwahi kulichapisha. Walimu wa kwaya waliliazima, wakanakili walichokitaka, kisha wakalirudisha.

Tarehe 18 Aprili 1905 mtunzi huyo alifariki dunia mjini Johannesburg. Bi Diana akabaki mjane mwenye mtoto.

Tangu siku hiyo urithi wote wa muziki wa mumewe ukawa mikononi mwake. Kwaya zilizotaka nyimbo za Sontonga zilikwenda kumwazima yeye. Nyumba ya mjane ikawa maktaba, na yeye mwenyewe akawa mtunzaji wake, bila mshahara na bila cheo.

Kazi hiyo ya Bi Diana haitajwi sana katika historia ya wimbo huo. Orodha za mashujaa hutaja wachungaji, walimu na wanasiasa. Lakini katika miaka ya mwanzo baada ya mwaka 1905, kabla wimbo haujachapishwa popote, mtu aliyehakikisha kwamba muziki wa Sontonga unaendelea kuimbwa alikuwa mkewe.

Baadaye daftari lilipita kwa jamaa mwingine wa familia, bibi mmoja wa Soweto aliyepewa jina la utani la Bibi wa Ndondi kwa sababu hakukosa pambano lolote la masumbwi. Bibi huyo alifariki karibu na wakati ule ule ambapo kaburi la Sontonga lilitangazwa kuwa urithi wa taifa, mwaka 1996. Daftari lenyewe halikupatikana.

Kwa hiyo mtunzi ambaye wimbo wake mmoja unajulikana na mamilioni ya watu hana mkusanyiko wa kazi zake. Nyimbo nyingine zilizokuwa katika daftari hilo zilipotea pamoja nalo.

Peni sita

Inasimuliwa kwamba mjane huyo aliuza haki za wimbo wa mumewe kwa peni sita tu. Peni sita za Kiingereza zilikuwa nusu shilingi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hiyo ni sumuni.

Ni rahisi kwa mtu wa leo kushangaa. Lakini wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kwamba wimbo wa mwalimu wa Nancefield ungefika Dar es Salaam na Lusaka. Muziki wa kwaya za Waafrika haukuwa biashara. Ulinakiliwa kwa mkono na kuimbwa makanisani, na thamani yake haikupimwa kwa fedha.

Aidha, mwanamke Mwafrika mwenye mtoto, katika mji wa migodi, hakuwa na wakili wala mchapishaji wa kumshauri.

Bi Diana alifariki dunia mwaka 1929. Aliishi miaka 24 baada ya mumewe. Ni muda uliotosha kuuona wimbo huo ukitoka katika daftari la nyumbani na kuwa wimbo wa watu wengi, ingawa si muda uliotosha kuona jina la mumewe likienziwa.

Wajane wawili

Jambo lililompata Bi Diana huonekana wazi zaidi likilinganishwa na kisa cha mjane mwingine maarufu katika historia ya muziki, Constanze Mozart.

Wolfgang Amadeus Mozart alifariki mjini Vienna tarehe 5 Desemba 1791 akiwa na umri wa miaka 35. Kama Sontonga, alikufa kijana. Kama Sontonga, alizikwa katika kaburi lisilo na alama, na mahali hasa alipolazwa hapajulikani hadi leo. Alimwachia mkewe madeni na watoto wawili wa kiume.

Hata hivyo Constanze aliishi katika mji wenye ukumbi wa maonyesho, wachapishaji na mfalme. Aliomba pensheni kwa mfalme na akaipata. Aliandaa matamasha ya kazi za mumewe. Miaka michache baadaye aliuza hati nyingi za muziki wa Mozart kwa mchapishaji Johann Anton André wa Offenbach, Ujerumani. Mume wake wa pili, mwanadiplomasia wa Denmark Georg Nissen, aliandika wasifu wa Mozart. Dada yake Mozart, Maria Anna, naye alihifadhi barua za familia.

Constanze alifariki mwaka 1842, nusu karne baada ya Mozart, na alishiriki kwa kiasi kikubwa kuufanya ulimwengu umkumbuke mumewe.

Hakuna sababu ya kuamini kwamba mjane wa Vienna alimpenda mumewe kuliko mjane wa Johannesburg. Wote wawili walitunza karatasi. Mmoja alikuwa na taasisi zilizomzunguka za kuzinunua, kuzichapisha na kuziweka mahali salama. Mwingine alikuwa na majirani wema waliokuja kuazima.

Familia nyingine, hasara ile ile

Kisa cha Sontonga hakikuwa cha mwisho cha aina yake Johannesburg. Mwaka 1939 mwimbaji Solomon Linda, Mzulu aliyehamia katika jiji hilo, alirekodi wimbo "Mbube" katika studio za kampuni ya Gallo. Haki za wimbo huo ziliuzwa kwa shilingi 10.

Wimbo huo ulikwenda Marekani, ukabadilishwa jina na maneno, ukavuma duniani kote, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya katuni ya "The Lion King". Linda alifariki Oktoba 1962 akiwa maskini. Mkewe Regina na mabinti zao waliishi Soweto katika hali ya umaskini.

Tofauti ni kwamba familia ya Linda ilipata msaada wa kisheria. Wanasheria walitumia kifungu cha sheria ya hakimiliki ya Milki ya Uingereza ya mwaka 1911, ambacho kilirejesha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, hata kama mtunzi mwenyewe alikuwa ameziuza. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mapatano yalifikiwa Februari 2006.

Njia hiyo haikuwa wazi kwa jamaa wa Sontonga. Sheria yenyewe ilitungwa miaka 6 baada ya kifo chake. Isitoshe, ililenga mauzo yaliyofanywa na mtunzi, ilhali wimbo wa Sontonga uliuzwa na mjane wake.

Wimbo wapata ukoo mkubwa

Wakati familia ya mtunzi ikisahaulika, wimbo ulizidi kupata watu. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa huko Natal na John Dube, iliuimba katika matamasha na kuutangaza Johannesburg.

Tarehe 8 Januari 1912 viongozi wa Waafrika walikutana Bloemfontein na kuanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress, ANC. Dube alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Mkutano huo ulifungwa kwa wimbo wa Sontonga.

Mnamo Oktoba 1923 mwandishi na mwanasiasa Sol Plaatje aliurekodi katika sahani ya santuri mjini London, akisindikizwa kwa piano na Sylvia Colenso. Mwaka 1925 ANC iliufanya wimbo rasmi wa kufungia mikutano yake. Mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti 7 kwa Kixhosa, na mwaka 1927 wimbo ulichapishwa ukiwa na beti hizo. Mwaka 1942 Moses Mphahlele alichapisha maneno ya Kisotho.

Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa wimbo wa upinzani, ukiimbwa mazishini, magerezani na uhamishoni.

Kaskazini ya mto Limpopo, mahadhi hayo yalivikwa lugha nyingine. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wimbo wake wa taifa ulikuwa "Mungu ibariki Afrika". Baada ya Muungano na Zanzibar mwaka 1964, ukawa wimbo wa taifa wa Tanzania. Zambia nayo ilichagua tuni hiyo ilipopata uhuru mwaka huo huo. Zimbabwe iliutumia kwa lugha zake tangu uhuru wa mwaka 1980 hadi mwaka 1994, ilipopata wimbo mwingine.

Afrika Kusini ilikuwa ya mwisho. Mwaka 1994 wimbo huo ulitangazwa kuwa mmoja wa nyimbo mbili za taifa, sambamba na "Die Stem", wimbo wa utawala wa zamani. Mwaka 1997 nyimbo hizo ziliunganishwa kuwa wimbo mmoja unaoimbwa kwa lugha 5: Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikaans na Kiingereza.

Jina moja katika daftari la mazishi

Ndipo swali likazuka: mtu huyu amezikwa wapi?

Waliomtafuta walijua kwamba alifia Johannesburg. Makaburi ya Braamfontein, yaliyofunguliwa miaka michache baada ya kugunduliwa dhahabu, yalikuwa na sehemu zilizogawanywa kwa rangi na dini. Waafrika Wakristo walikuwa na sehemu yao, na makaburi mengi hapo hayakuwa na mawe ya majina.

Madaftari ya mazishi yalipekuliwa. Jina Sontonga halikuonekana.

Sababu ilikuja kujulikana katika miaka ya mwanzo ya 1990. Watafutaji walikuwa wakipekua jina la ukoo. Lakini karani wa mwaka 1905 alimwandikisha marehemu kwa jina lake la kwanza tu: Enoch.

Ni kosa dogo kwenye karatasi, lakini linaeleza mengi. Katika madaftari ya wakati ule, mtu mweupe alikuwa na jina lake na jina la ukoo wake. Mwafrika mara nyingi alikuwa na jina la ubatizo pekee, kama vile hakutoka kwa baba wala hakuacha mtoto. Kwa karani huyo, mwalimu wa Nancefield hakuwa Sontonga wa ukoo wa Mpinga, mume wa Diana. Alikuwa Enoch, mmoja wa wengi.

Jina la ukoo likikatwa, jamaa hukatwa pia. Mjukuu hawezi kulipata kaburi la babu ambaye daftari halimtambui kuwa wa familia yake.

Siku ya mjukuu

Tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi nchini Afrika Kusini, Rais Nelson Mandela alikwenda Braamfontein. Kaburi la Sontonga lilitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa, na jiwe jeusi la graniti lenye umbo la mchemraba lilizinduliwa kwa heshima yake.

Siku hiyo mtunzi huyo alitunukiwa, miaka 91 baada ya kufa, nishani ya dhahabu ya utumishi uliotukuka. Aliyeipokea kwa niaba yake alikuwa mjukuu wake wa kike.

Kwa jamaa wa Sontonga, tukio hilo lilikuwa zaidi ya heshima ya kiserikali. Nchi ilimtaja kwa majina yake yote, na ikamtambua mtu wa damu yake. Kile ambacho karani alikikata mwaka 1905 kiliunganishwa tena mbele ya umma.

Leo eneo hilo la makaburi hubeba jina la Enoch Sontonga, na barabara moja ya Braamfontein huitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, heshima hiyo haikuweza kurudisha kila kitu. Daftari halikurudi. Peni sita hazikuwahi kuongezwa. Naye Bi Diana, aliyekuwa akiwaazima wanakwaya nyimbo za mumewe baada ya kufiwa, alikuwa amekwisha kufa miaka 67 kabla ya siku hiyo.

Kutoka Malvern upande wa mashariki hadi Soweto upande wa kusini-magharibi, watoto wa Johannesburg huendelea kujifunza wimbo huo shuleni, kama wanavyojifunza wenzao wa Tanzania na Zambia mahadhi yake. Wote huuimba kwa sababu mwalimu mmoja aliuandika, na kwa sababu mjane wake hakumkatalia mtu aliyebisha hodi kuuazima.